Naomba ushauri: kuugeuza utenzi kuwa michoro

Wakuu habari zenu, mimi ni grafiki dizaina, siku zote natengeneza mabango na kadi za harusi ila kuna kazi moja imenikaa moyoni. Nimechukua Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, utenzi wa zamani wa Kiswahili, nauhamishia kwenye alama tupu bila herufi hata moja, yaani kila mizani (silabi) ni kiduara, mstari viduara nane, na kiduara cha mwisho kinabeba rangi ya kina, yaani sauti inayofunga mstari. Ubeti wa kwanza mistari mitatu inaishia ti, ti, ti alafu mstari wa nne unafunga na ia, na ile ia inarudi beti zote mpaka mwisho, kwahiyo ukibandika beti kwa kushuka unaona mstari mweusi mmoja unateremka upande wa kulia kama pindo la kanga, kwakweli nilipouona mara ya kwanza nilinyamaza kabisa.

Shida sasa. Vina ni vingi kuliko rangi, nilipoprinti kwenye karatasi kubwa ya A2 rangi ya ti na ya li zikafanana. Pia neno kama binti lina mizani tatu, bi-n-ti, ile n nimeipa kiduara kidogo sijui ni sawa?

Kubwa zaidi ni maana. Mwana Kupona ni mama anamuusia binti yake, na kwenye mchoro wangu mama haonekani. Niweke maneno pembeni au niongeze alama za sauti yake? Wajuzi wa ushairi na madizaina naombeni mnisaidie jamani