Naomba ushauri: kompyuta ya injini na rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta kwenye Toyota Fielder NZE141 ziko wapi?

Wadau, injini ni 1NZ-FE. Gari likikaa kwenye foleni ya Mombasa Road mpaka injini ichemke, linazima ghafla. Stata inazungusha vizuri ila haliwaki hadi lipoe kama dakika 20. Mashine ya kusoma hitilafu inatoa P0335, yaani kosa kwenye sakiti ya sensa ya kranki (inayoipa kompyuta mzunguko wa injini), na wakati wa kuzungusha mshale wa RPM haunyanyuki hata kidogo.

Sensa ya kranki nimeipata: mbele ya injini, chini, kando ya puli ya kranki, bolti moja ya spana namba 10. Nimeipima ikiwa baridi, omu 1,250. Ikiwa moto, 1,500. Haijakatika. Ndiyo maana sitaki kukimbilia Grogan, soko la spea Nairobi, kununua nyingine, maana pale zina bei tatu na sura moja.

Sasa nashuku waya au plagi. Nataka kutoa terminali ya betri, nichomoe soketi ya kompyuta, nipime zile nyaya mbili za sensa toka mwisho hadi mwisho zikiwa bado moto, huku nikizitikisa. Je, kompyuta iko nyuma ya kabati la dashbodi upande wa abiria, au chini ya boneti?

Na rilei ya pampu je? Kwenye sanduku la fyuzi naona ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) na ya honi tu. Pampu ikinyamaza haimaanishi rilei imekufa, kwa sababu kompyuta haiiwashi bila mawimbi ya kranki. Mwenye mchoro wa nyaya, hata picha ya simu, tafadhali aniwekee.