Piper Cub ya 1946: kitambaa na rangi ya asili

Tai_wa_Mufindi: Wakuu habari zenu, babu alituachia ndege ndogo, Piper J-3 Cub ya 1946, imelala kwenye banda huku Mufindi miaka na miaka, kitambaa kilichoifunika kimeoza ila injini Continental A-65 bado inazunguka kwa mkono. Nataka irudi kama ilivyotoka kiwandani Lock Haven, Marekani, njano na ule mstari mweusi wa radi ubavuni. Nivalishe pamba au hii poliesta ya siku hizi?

Fundi_Uyole: Mkuu pamba ndo asili yenyewe lakini jua linaila haraka, mi ningeweka poliesta, ukishapiga dopu (ile rangi ya kukaza kitambaa) na kusaga vizuri mtu hatambui. Ila kabla ya kitambaa, mabomba ya fremu kwanza! Kwangua rangi, gonga gonga chini kwenye mkia maana maji hutuama pale na kutu inaanzia ndani.

Mama_Junior_Iringa: Na usipige dopu asubuhi na ukungu wenu huo, unyevu ukiingia inageuka nyeupe nyeupe kama chokaa, subiri jua likolee. Halafu ni kama petroli kwa kuwaka, moto kaa nao mbali.

Tai_wa_Mufindi: Asanteni sana. Ule waya wa kupimia mafuta upo bado, umesimama kwenye kifuniko cha tangi mbele ya kioo, chini una boya, mafuta yakipungua unazama. Huo sibadilishi kabisa.

Fundi_Uyole: Usiubadilishe. Na mkaguzi wa TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) mwite mapema, aone mbavu za mabawa zikiwa wazi kabla hujafunika.