Zamu ya ushauri, shauri zima au utafiti: mwanagenzi achague ipi katika kazi ya bila malipo?

Mwanagenzi Mpya
Wanajukwaa, nawasalimu. Kampuni ya mawakili ninakofanya uanagenzi imemtaka kila mmoja wetu achague namna ya kutoa msaada wa kisheria bila malipo, na njia ni tatu: kukaa zamu ya jioni katika kliniki ya ushauri, ambako mteja husikilizwa kwa nusu saa kisha akaondoka na maelezo yake, kubeba shauri moja, kuanzia kufungua faili hadi hukumu, chini ya wakili msimamizi, au kuziandalia asasi za kiraia utafiti na rasimu za mikataba. Wenzangu wengi wanakimbilia njia ya pili kwa kuwa ndiyo inayofanana na uwakili wenyewe. Mimi nasitasita, na ningependa kuwasikia waliotangulia.

Kalamu Nzito
Nilichagua shauri zima na sikujuta, ila lipo jambo ambalo hakuna aliyenidokeza mapema, nalo ni kwamba shauri halifuati kalenda ya uanagenzi. Katika kampuni nyingi mwanagenzi huhamishwa kutoka idara moja hadi nyingine. Uingereza, kwa mfano, mazoea ni miezi 6 kwa kila idara katika miaka 2 ya mafunzo, ilhali mgogoro wa mirathi unaweza kuahirishwa mara kadhaa kabla shahidi wa kwanza hajasikilizwa. Nilipohamishwa, mteja wangu, mama aliyekuwa akidai matunzo ya watoto, alilazimika kumsimulia mgeni habari zake upya, zikiwemo zile zilizomchukua wiki nyingi kupata ujasiri wa kunieleza. Faili nililiacha limepangwa vizuri. Kilichopotea ni yale yasiyoandikwa kwenye faili.

Msimamizi Mstaafu
Ndugu Kalamu Nzito, naomba nikupinge kidogo, kwa sababu kosa hilo ni la kampuni wala si la njia uliyoichagua. Mteja ni wa kampuni, si wa mwanagenzi, na wakili msimamizi alipaswa kukutana naye tangu siku ya kwanza na jina lake liandikwe katika barua ya makubaliano, ili wewe ukiondoka abaki mtu anayemfahamu mama huyo kwa sura.

Kliniki nayo ina hatari yake, ingawa wengi huiona nyepesi. Mpangaji anakuja jioni na notisi ya kuhama mkononi, mwanagenzi anaanza kumshauri kwa moyo mweupe, kumbe mwenye nyumba ni mteja wa kampuni hiyo hiyo! Uchunguzi wa mgongano wa maslahi haupungui uzito kwa kuwa hakuna ankara. Vivyo hivyo kwa ukomo wa muda, yaani tarehe ya mwisho ya kufungua dai: asiyelipa akipewa tarehe isiyo sahihi hupoteza dai lake sawasawa na anayelipa.

Nukta Mkato
Ulizia pia saa zinavyohesabiwa. Jimbo la New York, tangu 2015, humtaka anayeomba kusajiliwa kuwa wakili awe amekamilisha saa 50 za kazi ya bila malipo, na Uingereza, tangu utaratibu mpya wa kufuzu uanze mwaka 2021, kazi katika kliniki ya sheria inaweza kuingizwa katika miaka 2 ya uzoefu unaotakiwa. Ninachoona ni kwamba panapohesabiwa saa, watu huegemea kliniki, kwa kuwa zamu ina mwanzo na mwisho. Na kampuni isipoziingiza saa hizo katika malengo yako ya mwaka, basi jua utazifanya usiku.

Rasimu ya Tatu
Njia ya tatu imesahaulika hapa. Niliandikia asasi moja mkataba wa ajira wa mfano, nao ukatumika kwa kila mfanyakazi aliyeajiriwa baada yangu. Sikumwona mteja yeyote uso kwa uso, na nakiri kwamba hilo ni pengo kwa anayejifunza kuhoji na kusikiliza.

Mwanagenzi Mpya
Nawashukuru nyote. Naelekea kuanza na kliniki, kisha niombe shauri zima nitakapofika idara ya mashauri, nikiwa na muda wa kutosha mbele yangu. Limebaki swali moja: katika kliniki yetu wakili msimamizi ni mmoja kwa wanagenzi sita. Je, anatosha?

Msimamizi Mstaafu
Anaweza kutosha iwapo yumo ndani ya jengo hilo hilo na anausoma kila ushauri kabla mteja hajatoka mlangoni. Iwapo huusoma kesho yake asubuhi, hatoshi hata kwa wanagenzi wawili. Muulize hilo kabla ya kuweka sahihi kwenye orodha ya zamu.