Kuficha jina la mtoto kwenye kesi ya jinai: tunaficha kweli au tunajidanganya?

MLETA MADA: Wadau habari zenu, naleta hii maana kila ikitokea kesi ya jinai yenye mtoto ndani tunagawanyika, hawa ficha, wale anika. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 40, unataka faragha ya mtoto anayeshtakiwa iheshimiwe hatua zote, toka anakamatwa mpaka hukumu. Sawa. Mimi kinachonisumbua ni huko kuficha kwenyewe kunavyofanyika.

Chukulia kesi ambayo mtoto si mshtakiwa bali ndiye aliyetendewa, baba kamnajisi bintiye. Gazeti moja linaandika jina la mshtakiwa na kosa lake, halisemi mtoto ni wa nani. Jingine linaandika "baba mzazi amnajisi bintiye wa darasa la tano", jina la mtu hamna. Kila mhariri anajiona katii sheria, ila aliyesoma yote mawili kashamjua mtoto na darasa analosoma, na hapo bado hujamuweka yule wa grupu la WhatsApp anayerusha picha ya nyumba yao. Kwa hiyo mimi nasema kesi kama hiyo jina la baba nalo lisitoke, na si kwa kumhurumia (nishajua mtanirukia).

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu hapo umeteleza. Ukilificha jina la mnajisi umempa mwanya, kesho anahamia mtaa mwingine anakuwa jirani wa watoto wetu na hatuna habari. Halafu kesi za gizani ndo zinapindishwa. Na hawa wa miaka 17 wanaoua je, akishika panga mtu mzima akifika kortini mtoto? Uingereza 1993 wavulana waliomuua mtoto wa miaka 2 wakiwa na miaka 10 tu, walipotiwa hatiani jaji akaruhusu majina yatangazwe, na dunia haikuisha.

MLETA MADA: Malizia na kipande cha pili basi mkuu. 2001 mahakama hukohuko Uingereza ilibidi itoe amri ya kulinda utambulisho wao mpya maisha yao yote, maana kulikuwa na hatari ya kweli ya watu kuwadhuru. Jina likishatoka halirudi, ndo unaanza kutengeneza mtu mpya.

Hilo la gizani, hakimu anamjua mtoto, mwendesha mashtaka anamjua, wakili wa utetezi anamjua, na hukumu inaweza kuchapishwa yote kwa herufi tu badala ya majina. Tunachokosa sisi ni umbea, haki iko palepale. Na huyo baba akifungwa polisi na magereza wanalo jina lake.

MCHANGIAJI WA PILI: Mimi naona mnaacha kitu kikubwa, umri. Kuna nchi kinga ya mshtakiwa mtoto ya kutotajwa jina inakoma akitimiza 18, sasa kesi zinavyopigwa kalenda, dogo anakamatwa ana 17, shahidi haji, faili halionekani, siku ya kusikilizwa ana 18 na jina linaruka hewani kwa kosa alilofanya utotoni. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto 2019 ilishasema kinga hiyo iwe ya maisha. Hapo mchangiaji wa kwanza unasemaje, aadhibiwe kwa uzembe wa korti?

MCHANGIAJI WA KWANZA: Hapo kwenye umri nakubali, wahesabu siku aliyotenda kosa. Ila la baba sitoki.