Kayaki ama moto: ipi itaniua haraka?

Kijana wa Himbi: Wandugu wa Goma, nisaidieni. Pesa niliyoweka inatosha kitu kimoja: kayaki ya mitumba (mtumbwi mdogo wa kasia) ambayo mtu anauza, ama moto, yaani pikipiki. Roho yangu iko kwenye kayaki. Mama anasema Ziwa Kivu litanimeza, heri moto. Lakini moto ndiyo ninapanda kila siku kwenda kazini na hakuna anayeniogopea. Mnasemaje?

Mwana Keshero: Unajua kuogelea? Kayaki inauzwa pamoja na jile, lile vazi la kuelea? Utatoka saa ngapi, na nani? Bila hayo tukujibu nini?

Motari wa Birere: Nunua moto, ndugu. Kayaki haitakulisha. Na ukiendesha mwenyewe, breki iko mkononi mwako.

Mama Neema: Breki mkononi? Mimi nilikuwa abiria. Jioni, natoka Majengo, motari, dereva wa moto, ana kaske (kofia ngumu) moja, na amevaa yeye. Namwomba apunguze mwendo, ananijibu, "Mama, hii barabara naijua." Akataka kulipita fuso kwa upande wa kulia, gurudumu la mbele likaingia kwenye changarawe ya volkano, tukalala chini. Goti lilichanika. Muuguzi alizitoa punje nyeusi za lava moja moja kwa kibanio, na moja bado inaonekana chini ya ngozi. Nilipoweza kutembea nilipanda moto tena, ningefanya nini? Nyumbani hakuna aliyenikataza. Ningesema nataka kayaki, wangeita kikao cha ukoo!

Yaya wa Bukavu: Pole sana mama. Lakini ziwa nalo si mchezo. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapo Goma, watu wakiiona nchi kavu. Ilijazwa kupita kiasi. Na gesi iliyomo ndani ya Kivu je? Gesi iliyotoka Ziwa Nyos, Kameruni, 1986, iliua watu kama 1,700.

Mwana Keshero: Yaya, usichanganye. Gesi ya Kivu imeyeyuka kwenye maji ya chini sana, mamia ya mita. Kasia haiifikii. Waendao ufukweni waogope mazuku: kaboni dioksidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inajaa mashimoni, hasa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Upande wa Bulengo yapo. Kijana, usipige hema bondeni. Na ukiwa majini, angalia upepo wa mchana. Huo ndio unapindua watu.

Kijana wa Himbi: Naogelea, ila karibu na ufuko tu. Muuzaji hana jile.

Mama Neema: Basi jile kwanza, mwanangu. Kayaki baadaye.

Motari wa Birere: Mnanisema motari, sawa, lakini kaske nzuri ya abiria inapatikana wapi? Hizi za sokoni zikidondoka tu zinapasuka.

Yaya wa Bukavu: Hata huku ni hivyo. Na abiria wengine wanaikataa, eti inaharibu nywele.

Mama Neema: Mimi hufunga kitambaa kwanza, halafu kaske. Nywele zinabaki salama.

Mwana Keshero: Kijana, bado hujajibu: utatoka saa ngapi, na nani?