Naomba ushauri: nusu marathoni kando ya maji, na upepo unaonikabili wakati wa kurudi
Ndugu wanachama, nimejiandikisha kukimbia nusu marathoni ya barabarani, yaani kilomita 21.1, ambayo karibu njia yake yote inafuata ukingo wa maji hadi mahali pa kugeukia, kisha inarudi pale pale ilipoanzia.

Mandhari ndiyo iliyonivutia, nakiri, lakini baada ya kufanya mazoezi mara mbili kwenye njia hiyo nimeona kwamba hakuna mti wala jengo la kukinga upepo, na kwamba upepo ule ule unaonisukuma kwa upole wakati wa kwenda hunikabili usoni wakati wa kurudi, miguu ikiwa tayari imechoka. Je, ni busara kuutumia upepo wa mgongoni ili nijiwekee akiba ya dakika mapema, au nipime juhudi ya mwili badala ya kuitazama saa? Nimeshauriwa pia nijikinge nyuma ya kundi la wakimbiaji, ila naona haya kumfuata mtu kilomita nzima bila kupokezana naye kuongoza.

Aidha, barabara yenyewe imeinama pembeni ili maji ya mvua yatiririke, na goti langu moja huanza kuuma ninapokimbia kwenye mwinamo huo kwa muda mrefu. Ningependa kujua kama inaruhusiwa kukimbia katikati ya barabara, ambako ni tambarare zaidi, pasipo kuwazuia wanaotaka kunipita.

Natanguliza shukrani.