Kijana wangu amegoma mafundisho ya kipaimara, nimwachie au nimkazie?

Baba Wanne: Wakuu, salaam. Niko wilaya ya Masasi, mkulima wa korosho, Wakatoliki toka enzi za babu. Kijana wangu wa pili ana miaka 14. Imebaki miezi miwili askofu aje kutoa kipaimara, dogo kagoma mafundisho. Jumamosi ikifika anabeba jembe anaelekea shambani, yule yule ambaye siku nyingine unamwamsha mara tatu. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali. Anajibu "siendi, baba", basi, wala habishani. Katekista kaniuliza mbele za watu, nimekosa pa kuangalia. Nyumbani kwangu hakuna tatizo lolote. Naombeni ushauri.

uraka_baridi: Mtoto anayeamka mwenyewe kwenda kupalilia? Mkuu, usimguse. Niazime mwezi mmoja.

KatekistaMstaafu: Mithali 22:6, mlee mtoto katika njia impasayo. Nimefundisha kipaimara miaka 19, hawa nawajua. Fimbo tatu kabla ya chai. Tatizo ni simu.

Baba Wanne: Hana simu, mwalimu.

KatekistaMstaafu: Basi ni marafiki.

Kibibi_Newala: Fimbo inamfikisha mlangoni tu. Bibi yangu alikuwa Mwanglikana wa hapo hapo Masasi. Alikuwa akitusimulia mambo ya Askofu Lucas, aliyewekwa wakfu mwaka 1926: wenzake walitaka jando lifutwe, yeye akaliingiza kanisani. Bibi alisema mzungu yule aliona kitu. Kule kumbini, kambi ya jando, mlezi analala chini pamoja na wari na chakula ni kile kile. Hawezi kuwafundisha kuvumilia baridi huku yeye kajifunika blanketi. (Bibi mwenyewe alikuwa mkali kama pilipili, ila hiyo ni habari nyingine.)

Mtu wa Mikindani: Mimi Muislamu, mnisamehe kuingilia, ila hili ni letu sote. Baba alinichapa bakora za madrasa miaka yote, na Ijumaa yeye yuko kwenye bao. Aliyenirudisha msikitini ni babu, mvuvi. Alfajiri alikuwa anatawadha kwa kopo moja la maji, polepole, asituamshe. Mimi nimejifunika shuka, namchungulia. Sasa mtoa mada, Jumapili wewe unaonekana kanisani?

Baba Wanne: Sikosi. Ni msomaji wa masomo na ni mwenyekiti wa jumuiya.

Kibibi_Newala: Na nyumbani, sala ya jioni?

Baba Wanne: Mama yake anaongoza rozari. Dogo yupo kila siku, tena litania anaanzisha yeye.

Kibibi_Newala: Heee. Basi sala haijamshinda. Aliyegomewa ni wewe, kaka. Jioni hiyo wewe uko wapi?

Baba Wanne: Nakuwa na hesabu zangu.

Kibibi_Newala: Hesabu za nini?

uraka_baridi: Nimevuta kigoda.

Baba Wanne: Nilikuwa shamba jana kutwa, sijakimbia. Haya. Nanunua korosho kidogo kidogo. Nyie mnaita kangomba, ule ununuzi wa pembeni nje ya ushirika, mimi naita kusaidiana. Mtu hana hela ya salfa ya kupulizia mikorosho, ana mtoto kafukuzwa ada, na malipo ya AMCOS, chama cha ushirika, mpaka mnada upite. Ale nini? Msimu uliopita daftari alikuwa anaandika dogo. Akaja mjane mmoja wa jumuiya yetu. Tunapima kwa bakuli, na lile bakuli kitako nilikuwa nimekigonga nyundo kikashuka. Linaingia kilo na robo, kwenye daftari ni kilo moja. Mabakuli 12. Dogo kaandika 12, mama wa watu kashukuru, kaondoka. Jumapili yake nikapanda kusoma somo la kwanza, Amosi sura ya 8, ile ya wenye mizani ya uongo. Dogo alikuwa benchi la mbele.

Ila nisiponunua mimi atanunua mtu wa mjini ambaye hata kumzika huyo mjane hatakuja. Na nimeshalipa nusu ya ada ya bweni kwa watawa. Muhula ujao anahamia, watamnyoosha.

Kibibi_Newala: Unawalipa masista wainue kitako ulichokishusha kwa nyundo.

uraka_baridi: Mmenikumbusha 2018, serikali ilipotangaza kununua kwa 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kusomba. Mjomba wangu alikuwa na magunia mpaka chini ya kitanda, mche hana hata mmoja. Timu ya uhakiki ikasema tuonyeshe shamba. Akawaonyesha mkorosho wa msikitini!

Ndindi_Mkali: Hii chai, stori ya kutunga, tena ya maziwa. Amosi aangukie Jumapili hiyo hiyo, na dogo akae benchi la mbele? Mwaka jana kulikuwa na uzi kama huu, bidhaa ilikuwa ufuta, mji Ruangwa. Mods, futeni.

KatekistaMstaafu: Ngoja hapo kijana. Amosi 8:4-7 ni Jumapili ya 25, mwaka C wa masomo ya Misa. Mwaka 2025 iliangukia Septemba 21, na Septemba korosho zinadondoka. Hayo mengine sijui, ila kalenda haijamwangusha. Ile ya fimbo naifuta.

Ndindi_Mkali: Hata mtunzi wa chai ana kalenda ukutani.

Baba Wanne: Anayeona chai asinywe. Mimi nimeuliza kipaimara, nyie mmenipeleka kwenye bakuli.

Mtu wa Mikindani: Bakuli lenyewe liko wapi?

Baba Wanne: Nilikuwa nimelisokomeza nyuma ya magunia. Leo asubuhi nimelikuta uani, kijana kalijaza maji ya kuku. Nimelipita, sijasema kitu.

Kibibi_Newala: Mabakuli 12, kila moja robo. Kilo tatu, kaka. Hazifiki hata hela ya soda za sherehe ya kipaimara. Zimerudi?

Baba Wanne: Jumatano jumuiya inasali kwake. Ni zamu yake.

Kibibi_Newala: Sijauliza zamu.

uraka_baridi: Alhamisi tunataka mrejesho. Na ile ofa yangu ya kumwazima dogo bado iko mezani.